HD 650 unayo tayari: uende HD 800 S au LCD-X?

Ndugu, umesema unasikiliza taarabu ya zamani na jazi kwa hedifoni za Sennheiser HD 650, sasa unasita kati ya HD 800 S na Audeze LCD-X. Mimi ningeanzia kwenye sauti ya mwimbaji, maana hapo HD 650 bado ni mfalme: iko karibu, ina joto, haikwaruzi. Ilitoka 2003 na hadi leo sijaona sababu ya kuiuza.

HD 800 S ni kitu kingine. Fidla inakaa kule, ganuni huku, unasikia hata nafasi iliyo kati yao. Lakini besi yake ni nyembamba, na rekodi chakavu inazianika bila huruma. Mikwaruzo yote ya santuri utaijua kwa majina! LCD-X ndiyo yenye besi nzito, inayoshuka chini kabisa bila kutetereka. Tatizo ni uzito: inapita gramu 600, wakati HD 800 S ni 330 tu. Shingo itakuuliza.

Ukienda kujaribu dukani, sawazisha kwanza kiwango cha sauti. Inayopiga juu kidogo siku zote huonekana bora, na wauzaji wanalijua hilo. Nenda na nyimbo zako mwenyewe. Zote tatu zina migongo wazi, kwa hiyo wa pembeni atasikia.

Kwa taarabu, baki na HD 650, fedha weka kwenye amplifaya nzuri. Ukinzani wake wa umeme, omu 300, unaihitaji.