UTI kila mwezi: tubadilishe mpira wa mkojo?

SWALI: Mume wangu aliumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda. Anajitoa mkojo mwenyewe kwa mpira, mara tatu kwa siku. Kila tukipima wanasema ana UTI, ameshachomwa sindano mpaka tumechoka. Muuza dawa anatushauri tununue ile mipira ya bei yenye utelezi wake, au arudishiwe mpira wa kudumu, ule unaoachwa ndani ya kibofu. Tushike lipi?

JIBU: Dada yangu, nimekwama kwenye hiyo "mara tatu". Ni chache mno. Mtu mzima kwa kawaida hujitoa mkojo mara nne hadi sita kwa siku, na kila mara usizidi mililita 400 au 500. Mpe jagi lenye alama, apime na kuandika kwa siku tatu. Kibofu kikijaa kupita kiasi, kuta zake hutanuka, damu hupita kwa shida na bakteria hupata nafasi ya kuzaana. Ndivyo alivyosisitiza Dk. Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 1972: mpira msafi unatosha, bora mkojo utolewe kwa wakati.

Sasa mpira. Wenye utelezi hupunguza mikwaruzo na damu, na kama mfuko unaruhusu sina ugomvi nao. Kwa upande wa UTI, tafiti hazikubaliani, na faida ikiwepo si kubwa. Ila usioshwe na kurudiwa: ule utelezi ukikauka unanata ndani ya njia ya mkojo. Mpira wa kawaida unafaa kwa jeli ya maji. Wanaume wengi hutumia namba 12 (kichwa cheupe) au 14 (kijani). Mnene zaidi hausafishi kibofu, unachubua njia, na kovu lake huziba mkojo baadaye. Achomoe mpira polepole, asite kidogo kila mkojo unapoanza tena, mpaka tone la mwisho.

Mpira wa kudumu sikushauri kwa sababu hii. Ukikaa kama mwezi, karibu kila mtu huwa na bakteria, na mawe na kuziba vinafuata.

Linaloniumiza ni hizo sindano. Mwaka jana kijana wa kiti cha magurudumu alinimwagia mezani mfuko wa rambo wenye karatasi kumi na moja za maabara, zote "bakteria wapo", na kila karatasi imebanwa na risiti ya dawa. Nilimuuliza ni lini alipata homa. Hajawahi. Watu wengi wanaojitoa mkojo kwa mpira wana bakteria kwenye mkojo muda wote bila kuumwa. Hao hawatibiwi! Mkojo kuwa na harufu au ukungu peke yake si ugonjwa. Unapowachoma sindano bakteria wasiomsumbua mtu, unabakisha wale sugu, na siku anayoumwa kweli dawa haishiki. Kijana yule homa ilipokuja, kipimo cha kuotesha bakteria wa mkojo maabara kilionyesha dawa moja tu inayofanya kazi, ya dripu, ya kulazwa.

Kwa hiyo wanaouza sindano kwa kuangalia kijiti cha mkojo dukani, na wenye chupa za "kusafisha kibofu" wanaozunguka na spika kwenye stendi, wakimbieni. Msiloweke mpira kwenye spiriti wala dawa ya kudekia, inaunguza. Mpira wa kawaida ukilazimika kurudiwa, uoshwe kwa sabuni ndani na nje, usuuzwe, ukauke kabisa, uwe wa mtu mmoja, na ukikakamaa utupwe.

Akipata homa na kutetemeka, maumivu ya kiuno, mikakamao ya misuli iliyozidi, au mkojo kuanza kuvuja wakati haukuwa ukivuja, hapo ni hospitali, mkojo uoteshwe kabla ya dozi ya kwanza. Na kama jeraha lake liko juu, kifuani au shingoni, kichwa kikimgonga ghafla huku anatoka jasho, mketisheni wima na mtoeni mkojo hapo hapo. Kisipotulia, mkimbizeni hospitali usiku huo huo.