Kichocheo cha maganda ya mayai kinakufa mkupuo wa tatu

Swali: Mtaalamu, natengeneza biodizeli kwa mafuta yaliyokwisha kaangia chipsi. Kostiki soda ilinisumbua kwa sabuni, nikahamia kichocheo kingine (kitu cha kuharakisha mafuta kugeuka biodizeli): oksidi ya kalsiamu ya chembe za nano, yaani ndogo mno, inayotokana na maganda ya mayai. Mkupuo wa kwanza ulikwenda vizuri, wa tatu mafuta hayakugeuka. Kichocheo nakichoma upya kwa nyuzi 600 kila mara. Nakosea wapi?

Jibu: Kosa liko kwenye hizo nyuzi 600. Oksidi ya kalsiamu huvuta unyevu na hewa ya ukaa ndani ya dakika chache, na chembe zikiwa ndogo huvuta kwa kasi zaidi. Unyevu hutoka kwenye nyuzi 500 na kitu. Kaboneti, inayotokana na hiyo hewa ya ukaa, haing'oki mpaka upite 800. Kila mkupuo unakiongezea kichocheo tabaka la kaboneti, na kaboneti ndiyo ganda la yai lenyewe, ulikoanzia. Ukitaka uhakika, chukua kichocheo kidogo, kioshe kwa methanoli (aina ya spiriti), kikaushe, kizime kwa maji kama chokaa, kikipoa dondoshea siki. Kikitoa mapovu, ni kaboneti.

Ila usikimbilie 900 ukaishia hapo. Joto hilo hushikamanisha chembe, zikakua, na faida ya unano ikapotea. Choma 900 kwa saa 3 (gramu 100 za maganda safi zibaki kama 55, zikibaki 70, hayajaiva). Kisha kizime kwa maji ya moto yaliyochemshwa, kikaushe, uchome tena 600 kwa saa 2. Hapo ndipo 600 ina kazi yake: maji yakitoka, chembe hupasuka na kuwa laini upya. Kitoe kikiwa bado na moto, ukifungie mara moja kwenye chupa isiyopitisha hewa.

Pima pia asidi ya mafuta. Ikizidi miligramu 2 za KOH (hidroksidi ya potasiamu inayohitajika kuizima asidi hiyo) kwa gramu ya mafuta, kalsiamu inageuka sabuni. Changanya na mafuta mapya kwanza. Kilo 1 ya mafuta makavu inataka gramu 30 hadi 40 za kichocheo na mililita 550 za methanoli, nyuzi 60 hadi 64, saa 3, ukikoroga bila kusimama. Methanoli huchemka kwenye 64.7, ni sumu, na miali yake haionekani mchana: fanyia kazi penye hewa, mtambo uwe na kipoza mvuke.

Kupima matokeo, tia mililita 3 za biodizeli kwenye 27 za methanoli. Mafuta yakituama chini, hayajageuka yote.

Kusuuza biodizeli hakutakwisha kabisa. Kalsiamu kidogo huyeyukia ndani yake, na karatasi ya kuchujia haizuii chembe za nano, wakati kiwango cha Ulaya cha ubora wa biodizeli, EN 14214, kinaruhusu miligramu 5 tu kwa kilo, kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja.