Kabla Hujausifu Mwarobaini: kwa wanaoanza kazi ya kinasi

Wadogo zangu, nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwezi wangu wa pili maabara, hapa hapa Mombasa, nilipima maji ya majani ya mwarobaini dhidi ya EGFR, kinasi (yaani kimeng'enya kinachowasha protini nyingine) inayohusika na baadhi ya saratani za mapafu. Namba zikatoka tamu: kimeng'enya kimezimika karibu chote. Nyumbani nilishapiga simu. Mkubwa wangu akaitazama karatasi, akauliza, "Na ile isiyotiwa dawa, ilifanya kazi kiasi gani?" Kuangalia, nayo ilikuwa imelala. Mwarobaini haukuua kitu. Kinasi ilikufa kabla, na muuaji ni mimi.

Nilikuwa natoa tyubu ileile kila wiki, naiyeyusha kiganjani kwa joto la Machi, naitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi, kisha nairudisha kwenye friza. Protini haitaki hivyo. Kila kuganda na kuyeyuka kunakula nguvu zake, na povu linaiharibu umbo. Siku ya kwanza iyeyushe juu ya barafu, uigawe kwenye tyubu ndogo zilizopozwa, maikrolita 5 kila moja, urudishe haraka kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Tyubu ikishafunguliwa, itumie siku hiyo; kilichobaki kimwage, hata kikikuuma. Kuchanganya, igonge kwa ukucha taratibu.

Ikuume kwa sababu kuipata ni kazi. Mwili wa binadamu una kinasi zipatazo 518, na kazi yao ni kuchukua fosfeti kutoka kwa ATP, molekuli ya nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine, kama mtu anayewasha swichi. Swichi ikikwama imewaka, seli huzaana ovyo. Ili kuipata moja peke yake, jeni ya binadamu hupandikizwa kwenye virusi, virusi huingizwa kwenye seli za wadudu, nazo huitengeneza. Bakteria ni rahisi zaidi, ila kinasi nyingi hushindwa kujikunja sawasawa humo. Seli zinazotumika sana, Sf9, asili yake ni ovari za kiwavijeshi vamizi, yule yule aliyewaliza wakulima wa mahindi nchini mwetu mwaka 2017. Mimi hucheka kila nikifungua boksi.

Boksi likifika, jambo la kwanza angalia kama barafu kavu ingalimo, uandike. Andika pia namba ya toleo, maana toleo jipya la kinasi ileile laweza kuwa na nguvu tofauti, na kipimo chako cha mwezi jana hakilifai. Stima ikipotea, usifungue friza "kuangalia tu". Na maji ya kisima chetu, yenye chumvi na chokaa, yasikaribie bafa, yaani maji maalumu ya kipimo: kinasi inahitaji magnesi kwa kiwango unachokijua wewe, si kile ulicholetewa na mwamba.

Lebo isomwe yote. Protini nzima, au kipande chenye kazi tu? Ina mgeuko wa jeni, kama T790M unaoifanya EGFR ikaidi dawa za mwanzo? Imeshabandikwa fosfeti? Hili la mwisho liliwahi kunipotezea siku tatu na imatinibi, dawa ya leukemia, saratani ya damu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Dawa hiyo inaishika ABL, kinasi inayolengwa nayo, vizuri ikiwa imetulia. ABL iliyokwisha kuamshwa kwa fosfeti, dawa huishika kwa shida. Nikadhani dawa imeharibika, kumbe nilinunua kinasi iliyo macho.

ATP nayo ina ujanja. Dawa nyingi za kinasi hugombea kiti kile kile cha ATP. Ukiweka ATP kidogo, dawa itaonekana shujaa. Ndani ya seli, ATP ni nyingi mno, na shujaa hupwaya. Kwa hiyo usitaje namba ya kuzuia bila kutaja ATP uliyotumia.

Sasa miti shamba, maana najua ndiyo mliyoijia. Dondoo la majani lina tanini na mengine yanayojikusanya kuwa vidonge vidogo sana, vikaifunga kinasi yoyote inayopita. Tena lina rangi ya chai ya rangi, na kipimo chetu hugeuza ADP, kinachobaki ATP ikishatoa fosfeti, kuwa mwanga. Rangi hiyo inaumeza. Basi kwanza weka dondoo pamoja na ADP bila kinasi: mwanga ukipungua, tatizo liko kwenye kipimo. Kisha rudia jaribio ukiongeza Triton X-100, sabuni ya maabara, asilimia 0.01, inayovunja vile vidonge.

Mwarobaini wangu niliurudia kwa kinasi mpya, tyubu mbichi, isiyotiwa dawa ikiwaka vizuri. Ulizuia, tena sana. Nikatia Triton, ukaacha.