Taarifa ya polisi na kibali cha kaunti: msafara, tamasha na mabango katika siku moja

SWALI: Sisi ni kikundi cha utamaduni mjini Mombasa. Tunapanga shughuli za Jumamosi moja: asubuhi msafara wa ngoma na tarumbeta kutoka Tononoka hadi uwanja wa Makadara, kisha baadhi ya wanachama wasimame na mabango nje ya ofisi za kaunti kudai vyoo vya umma sokoni, na kuanzia alasiri hadi usiku muziki na vyakula uwanjani. Kituo cha polisi kilituambia tusubiri kibali, na kwamba hakitatolewa mpaka tulete barua ya kaunti. Kaunti nayo ikatuambia tuanze polisi. Tuanzie wapi? (Katibu wa kikundi)

JIBU: Ndugu Katibu, mmezungushwa kwa sababu mambo matatu ambayo sheria inayatazama mbalimbali mmeyafunga katika furushi moja, na kila ofisi mliyoingia imeona humo kitu kisichoihusu. Lifungueni furushi hilo kwanza, kisha mtaona kwamba polisi hawadaiwi kibali chochote, na kwamba kaunti ndiyo yenye kibali halisi.

Nianze na polisi. Ibara ya 37 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kusimama na mabango na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, maadamu anafanya hivyo kwa amani na bila silaha. Namna ya kuitumia haki hiyo barabarani imewekwa katika kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56 ya Sheria za Kenya, na kinachotakiwa humo ni taarifa. Kabla ya 1997 mwandalizi aliomba leseni, na aliyenyimwa alibaki nyumbani. Mageuzi ya mwaka huo, yaliyotokana na mapatano ya wabunge wa vyama mbalimbali kabla ya uchaguzi mkuu, yaliifuta leseni na kuweka taarifa mahali pake. Hata hivyo neno "kibali" halijatoka vinywani mwa maofisa, wala mwa waandalizi wenyewe, ambao hadi leo humwandikia OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, barua ya "kuomba ruhusa" na kwa kufanya hivyo wanamkaribisha alikatae ombi ambalo sheria haikuwataka walitoe. Andikeni "tunakuarifu", wala msiandike "tunaomba".

Taarifa hiyo hupelekwa kwa mkuu wa kituo cha polisi cha eneo husika, si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku kumi na nne kabla ya tarehe ya shughuli. Itaje majina kamili ya mwandalizi na anwani ya mahali anapopatikana, tarehe na saa, na mahali pa mkutano au, kwa msafara, njia utakayopita. Saa lazima ziwe kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Kwa shughuli ya Jumamosi mimi huwashauri wateja wangu wawe wamefika kituoni Jumanne, ili zipatikane siku tatu kamili katikati ambazo hakuna wa kuzibishia, na kama kuna sikukuu kati ya siku hizo wasiihesabu. Nakala yenu igongwe muhuri wa kituo pamoja na tarehe na saa ya kupokewa. Mkuu wa kituo akikataa kuipokea, iambatanisheni na barua, mwende watu wawili, na muandike jina na namba ya ofisa aliyewahudumia, kwa kuwa mbele ya mahakama suala la kwanza litakuwa kama taarifa ilifika.

Baada ya kuipokea, OCS anatakiwa kuiingiza katika daftari la taarifa ambalo umma una haki ya kulitazama. Iwapo mtu mwingine amekwisha kutoa taarifa ya mahali hapo, siku hiyo na saa hiyo, atawaarifu bila kukawia, nanyi mtachagua wakati mwingine na kutoa taarifa upya. Zaidi ya hapo, yeye au ofisa wa cheo cha inspekta na kuendelea anaweza kuzuia au kusimamisha shughuli isiyotolewa taarifa, au ile ambayo kuna hatari iliyo wazi na iliyo karibu ya kuvunjika kwa amani. Kwa maoni yangu, kusema tu kwamba "mji una joto" hakutoshi kuwa hatari ya namna hiyo, ingawa nakiri kwamba ni rahisi kushinda kwa hoja hii mahakamani kuliko pale barabarani mbele ya lori la polisi.

Sasa, katika shughuli zenu tatu, ni zipi zinazohitaji taarifa? Hapa ndipo waandalizi wengi hupotea. Sheria hiyo hiyo inautoa katika maana ya "mkutano wa hadhara" mkutano unaofanywa kwa ajili ya shughuli za kijamii, utamaduni, hisani, burudani au dini pekee. Tamasha lenu uwanjani, likibaki ngoma, muziki na vyakula, limo ndani ya msamaha huo, na ndiyo sababu mpaka wa saa kumi na mbili jioni hauligusi. Lakini uzito wote umo katika neno "pekee": akipanda mtu jukwaani kuhutubia juu ya vyoo vya soko, au mabango yakiingizwa uwanjani, ofisa atakuwa na haki ya kuuliza kama huo bado ni mkutano wa utamaduni. Msafara nao haumo katika msamaha uliotajwa kwa mikutano, kwa hiyo utoleeni taarifa hata kama ni wa matari na tarumbeta tupu. Kusimama na mabango mahali pa umma kutolewe taarifa pia. Zifanyeni taarifa mbili kwa fomu mbili, kusudi moja ikipata pingamizi isiivute nyingine.

Kaunti inaingia kwa mlango mwingine kabisa. Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi burudani za umma, bustani na viwanja vyake, barabara za kaunti, maegesho, na udhibiti wa kelele na kero nyingine kwa umma. Kwa hiyo matumizi ya uwanja, jukwaa, vibanda vya chakula na kufunga barabara ya kaunti vinahitaji idhini na ada, na hapo mnaomba kwelikweli. Hakikisheni kwanza barabara zenu ni za nani, maana zipo zilizo chini ya mamlaka za barabara za kitaifa. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi. Ibara ya 47 inampa haki hiyo kila anayeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma, na nimeona makatao kadhaa yakiyeyuka pale tu ofisa alipotakiwa kuyaandika.

Kelele zisichukuliwe kwa wepesi. Chini ya kanuni za kelele za mwaka 2009, usiku huanza baada ya saa mbili, na katika eneo lenye makazi na biashara pamoja kiwango hushuka kutoka desibeli 55 hadi 35, ambacho kwa kweli ni kiwango cha watu kunong'ona. Spika za tamasha hazitafika hapo hata mkizipunguza, kwa hiyo ombeni leseni ya kelele mapema na mtaje saa ya kuzima.

Kuhusu mabango, simameni kando ya lango mkiacha njia ya kutosha kwa anayeingia na anayetoka, kwa sababu haki yenu haifuti yake ya kupita. Ikiwa miongoni mwenu wamo waajiriwa wanaogoma dhidi ya mwajiri wao, hao wana sheria yao ya kazi ya mwaka 2007 na notisi yake ya siku saba, na msiwachanganye na taarifa hii.

Mwisho, jina la mwandalizi. Sheria inataka yeye, au wakala aliyemwidhinisha, awepo kuanzia mwanzo hadi mwisho na awasaidie polisi kutunza utulivu. Msiliweke jina la mtu atakayekuwa jukwaani akiimba, wala la mwenyekiti ambaye saa sita atatoka kwenda msikitini au kula bila kumwachia mtu. Wekeni asiye na kazi nyingine siku hiyo, na wakala wake aandikwe kwenye taarifa tangu mwanzo.