Ukitaka kumsikiliza Miyuki Nakajima, anzia hapa

Watu wakijua niliwahi kuishi Japani kimasomo, huniomba niwatajie mwimbaji mmoja wa huko wa kuanza naye. Namtaja Miyuki Nakajima bila kusita. Ni mzaliwa wa Sapporo, kwenye kisiwa cha Hokkaido chenye theluji nyingi, mwaka 1952, binti wa daktari wa magonjwa ya wanawake. Alitokea kwenye ule muziki ambao Wajapani wanauita foku, yaani mtu, gitaa lake na maneno yake. Anatunga mashairi, anatunga muziki na anaimba mwenyewe. Nyimbo zake zimeshika namba moja kwenye chati ya Oricon, inayopanga nyimbo kwa mauzo huko Japani, katika miaka ya 1970, ya 1980, ya 1990 na ya 2000. Ana albamu zaidi ya 40, ndiyo maana mgeni anachoka kabla hajafika mbali. Ushauri wangu ni wa mpangilio: usikilize upi kwanza, upi baadaye, na upi uuache kabisa mpaka uwe tayari.

Ukimtafuta mtandaoni, wimbo utakaoletewa mwanzo ni "Ito", maana yake "Uzi". Aliutunga kwa ajili ya harusi, ukatoka kwenye albamu ya mwaka 1992: mtu mmoja ni uzi wa wima, mwingine ni uzi wa mlalo, na kitambaa wanachofuma pamoja huenda siku moja kikampa joto mtu asiyemjua. Ni wimbo mzuri sana. Lakini umeimbwa na waimbaji wengi mno, umepigwa kwenye harusi zisizo na idadi, mwaka 2020 ukatengenezewa hadi filamu. Anayeanza nao anabaki akidhani Nakajima ni mama wa nyimbo tamu za maharusi. Uweke akiba.

Anza na "Jidai", yaani "Zama". Oktoba 1975 uliibuka mshindi kwenye shindano la Yamaha la watunzi wachanga, na mwezi uliofuata ukashinda tena kwenye tamasha la kimataifa la nyimbo katika ukumbi wa Budokan, Tokyo. Nakajima alikuwa na miaka 23. Wakati huo huo baba yake alikuwa mahututi kitandani. Ugonjwa ulimwangusha ghafla mwezi Septemba, na Januari 1976 akafariki. Sasa sikiliza wimbo wenyewe unavyosema: leo nimeumia mpaka machozi yamenikauka, ila itafika siku tutayasimulia haya kama mambo ya zamani, zama huzunguka, furaha na huzuni hupokezana, na msafiri aliyeanguka atazaliwa upya na kuendelea na safari. Binti wa miaka 23 anayasema hayo kwa sauti tulivu, hamlilii mtu. Kila ninapousikia najiuliza alipata wapi utulivu ule.

Ukishauzoea, tafuta pia rekodi yake ya mwaka 1993, alipourudia wimbo huohuo akiwa na miaka 41. Zisikilize mbili hizo zikifuatana. Maneno hayajabadilika hata moja, lakini ya kwanza ni ya mtu anayetumaini kwamba zama zitazunguka, na ya pili ni ya mtu aliyeshaziona zikizunguka.

Jambo jingine: usifungue tafsiri siku ya kwanza. Najua mtu hutamani kujua mara moja kinachosemwa, lakini kwa Nakajima sauti ndiyo inayotangulia. Kuna wimbo ananong'ona kama mgonjwa, kuna mwingine ananguruma toka kifuani, na mara nyingine hufanya yote mawili ndani ya ubeti mmoja, kwa sababu kila mhusika anampa sauti yake. Sisi tuliokulia kwenye taarabu sikio hilo tunalo tayari. Tunajua mwimbaji anavyoweza kuliegemea neno moja hadi ukumbi mzima ukajua anayelengwa ni nani. Sikiliza hivyo kwanza, ujue nani anaumia na nani ana hasira, halafu ndipo usome maneno. Utashangaa ulivyokuwa umeshaelewa.

Wimbo wa pili uwe "Faito!", wa albamu ya mwaka 1983. Hapa nitakaa kidogo, maana huu ndio ninaoupenda kuliko zote.

Kuanzia 1979 hadi 1987 Nakajima alikuwa mtangazaji wa kipindi cha redio cha usiku wa manane, "All Night Nippon". Redioni alikuwa mcheshi, anacheka kwa sauti nyembamba, mtu unayeweza kuapa siye yule wa kwenye santuri. Vijana walimwandikia barua kwa wingi, na "Faito!" unafunguka kwa barua ya namna hiyo: msichana analalamika kwamba hapewi kazi kwa kuwa elimu yake imeishia sekondari ya chini, na mwandiko wa barua yake umechongoka huku ukitetemeka. Anakuja mwingine anayetaka kuondoka kijijini aende Tokyo, naye anatishwa kwamba akithubutu, ndugu zake nao hawataweza kuishi hapo. Katikati yao kuna samaki wadogo wanaopanda mto kinyume na mkondo wa maji baridi, magamba yakiwatoka. Kisha kiitikio: pambana! Wale wasiopambana watakucheka tu, wewe pambana.

Niliusikia mara ya kwanza kwenye chumba cha karaoke, ukiimbwa na mama mmoja wa ofisini kwetu chuoni. Alikuwa anakaribia kustaafu, mpole kiasi cha kusahaulika kwamba yupo. Alishika maikrofoni kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukakamata pindo la sweta lake, na tangu mwanzo hadi mwisho hakutazama maneno kwenye skrini hata mara moja. Beti za mwanzo alizisema karibu kama anazungumza. Kiitikio kilipofika, shingo ilimtoka mishipa. Vijana waliokuwa wakiagiza vinywaji kwa simu ya ukutani waliishusha ile simu polepole. Alipomaliza, aliinamisha kichwa, akakaa, akaendelea kunywa chai yake.

Kama una mdogo wako amemaliza shule anazunguka na bahasha ya vyeti bila kupata kitu, mtafutie wimbo huu na tafsiri yake. Mpe vyote viwili.

Wa tatu ni "Chijō no Hoshi", "Nyota za Ardhini", wa mwaka 2000. Ulikuwa wimbo wa utambulisho wa kipindi cha NHK, shirika la utangazaji la Japani, kilichosimulia wahandisi na vibarua wasiojulikana waliojenga Japani ya baada ya vita. Mkesha wa mwaka mpya wa 2003 aliuimba moja kwa moja kwenye televisheni akiwa ndani ya njia ya chini ya ardhi ya kituo cha umeme cha Kurobe, milimani kwenye baridi kali. Ujenzi wa bwawa la Kurobe, lenye urefu wa mita 186 kwenda juu, uliua watu 171. Kuimba pale nyota zilizosahauliwa ardhini lilikuwa tendo la heshima, na wananchi walielewa: Januari ile wimbo ukapanda hadi namba moja, zaidi ya miaka miwili tangu utoke.

Baada ya hapo rudi kwenye "Ito", sasa utausikia inavyostahili. Pitia pia "Akujo" wa 1981 na "Sora to Kimi no Aida ni" wa 1994. Ukiwa mpenzi wa muziki wa Kichina huenda utakuta unazijua tuni zake tayari, maana Teresa Teng na Faye Wong wote waliimba nyimbo zake kwa maneno mapya.

Kuna albamu moja nakuomba uiache nyuma: ile ya Aprili 1980 yenye jalada jeusi tupu, ambayo jina lake linauliza kama mtu anaruhusiwa kuendelea kuishi. Inafunguka na wimbo ambao anauimba kama mtu anayelia kwelikweli. Swali la kwenye jina linatoka kwenye wimbo mwingine wa humo, "Erēn", unaomhusu mwanamke wa kigeni aliyekufa Japani peke yake, akaacha begi la magauni ya bei rahisi ambayo hakuna atakayeyavaa. Nawaambia hasa ndugu zangu mlio ughaibuni, mnaorudi usiku kwenye chumba kisicho na mtu wa kumsalimia: msiusikilize mkiwa wapweke. Usikilizeni mchana, mkiwa na mtu wa kuongea naye baadaye. Mimi niliuheshimu sana kwa sababu mwimbaji maarufu alijishughulisha kumkumbuka mgeni ambaye mtaa mzima ulitaka kumsahau.

Mwisho, ziimbe. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika jina lake kwa herufi zao, 中島みゆき, uzipate sauti zake mwenyewe na siyo za wanaomwiga. Kisha tafuta maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini. Mswahili ana bahati hapa. Irabu zao ni tano kama zetu, na karibu kila silabi huishia na irabu, kwa hiyo ulimi wako hautapata tabu wanayopata Wazungu. Chukua "Jidai", ni wa polepole. Shika kiitikio tu kwa wiki nzima, ukifua au ukipika, halafu ongeza ubeti wa kwanza.