Fungu la mijadala likifika, usikimbilie bango

Msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, idara imepata fungu dogo la fedha ili sisi wa uzamili na uzamivu tuwe na mijadala yetu. Nimepewa kulisimamia. Nianzie wapi?" Nimecheka peke yangu. Fungu kama hilo lilinipa jina, likaniachia na kidonda.

Enzi zangu za uzamivu wengi tulikuwa wahadhiri wasaidizi wa vyuo vya mikoani. Mtu anashuka basi, anaonana na msimamizi, anarudi kufundisha kwao. Tulipishana kwenye ngazi bila hata kujua nani anaandika nini. Fungu lilipotoka nililipeleka sehemu mbili tu: chai ya Alhamisi, na posho ya mwenzetu aliyesambaza rasimu na kuwapigia watu simu. Kila Alhamisi tulisoma sura ya tasnifu ya mtu mmoja, na mwenye sura alikaa kimya mpaka wote waseme. Watu wakaanza kuahirisha safari. Sura yangu ya nadharia, iliyokuwa ikirudishwa na msimamizi kila mara, ilinyooka pale. Nasema bila haya: idara ile haikuwa imeona kitu kama kile.

Mhasibu ndiye alitutoa jasho. Marejesho ya masurufu, yaani fedha uliyotangulizwa kutumia, yanataka risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na mama wa vitumbua hana mashine! Baadhi ya gharama nililipa mfukoni. Kwa hiyo kabla hujachukua senti, mhasibu akuandikie atakubali nini.

Mwaka uliofuata wakubwa wakasema taaluma haiachiwi wanafunzi. Fungu likaenda kwenye warsha ya siku mbili: bango, mgeni rasmi, posho za vikao, picha ya pamoja. Alhamisi ikafa, na bado inaniuma. Wanafunzi hawawezi? Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1969 wanafunzi walitoa jarida lao, Cheche, likasomwa mpaka serikali ikalipiga marufuku mwaka 1970. Hata shahada ya kwanza wengine walikuwa hawajamaliza.

Basi ndugu yangu, mlipe anayepiga simu. Chai bila mtu wa kukumbusha itanywewa na waliokuwa wanapita. Mlipe hata kama ni kidogo, na mlipe kwa wakati, maana hiyo ni kazi, na sisi wasomi tuna tabia mbaya ya kuiita kujitolea. Wakikuletea wazo la warsha, waambie watafute fungu lao.