Kabla hujanunua filta ya R72

Wapiga picha wa filamu huniuliza wanunue filta gani ili majani yatoke meupe, yaani picha za infraredi, mwanga ulio baada ya wekundu ambao macho hayauoni. Mimi huuliza kwanza: kwenye kamera umeweka filamu gani?

Filamu nyingi za nyeusi na nyeupe, kama HP5 Plus na FP4 Plus, uwezo wao wa kuona wekundu huishia kwenye nanomita 650 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga). Hoya R72, filta ya infraredi inayozuia karibu mwanga wote unaoonekana, huanza kupitisha mwanga kwenye 720 hivi. Hapo filamu na filta hazikutani kabisa. Utasafisha roli nzima uambulie negativu tupu, na filta si ya bei rahisi.

Ilford SFX 200 hufika karibu 740, hivyo nyuma ya R72 inabakiwa na ukanda mwembamba tu. Rollei Infrared 400 hufika 820, nayo ndiyo naipenda. Kodak HIE ilifika 900, lakini ilisitishwa mwaka 2007. Roli za zamani zinazouzwa kwa bei ya dhahabu, waachie wenye kukusanya.

Majani hung'aa kwa sababu klorofili hainyonyi infraredi, na chembe za ndani ya jani huirudisha nje. Ndiyo maana mashamba ya chai au migomba juani hupendeza sana huku anga na maji vikiwa vyeusi. Siku ya mawingu usijisumbue.

Mwanga pima bila filta, maana mita ya kamera haioni sawa na filamu. Kwa Rollei na R72 mimi huweka mita kwenye ISO 6 (ISO ni wepesi wa filamu kwa mwanga): jua kali, tundu la lenzi f/11, ni kama sehemu ya kumi ya sekunde. Kisha napiga nyingine mbili, nikizidisha mwanga. Tripodi ni lazima, tena panga picha kabla ya kufunga filta, kwani ukishaifunga huoni kitu. Lenzi nyingi za zamani zina alama nyekundu ya infraredi pembeni ya ile ya fokasi. Sogeza umbali uliopata hadi hapo.

Rollei ipakie kivulini. Plastiki yake ni angavu, na mwanga hupenya kupitia ncha ya filamu hadi ndani ya kopo.

Kama pesa ni ya kubana, chukua SFX na filta nyekundu ya kawaida, namba 25. Majani hayatakuwa meupe sana, ila anga litakolea, utaona unachopiga, na kamera utaishika mkononi.